Sauti ya Baba Kulwa

Hapana, sikumwambia. Najua ndilo ulilokuwa unajiandaa kuniuliza, nimeliona limekaa hapo mdomoni mwako kama pipi, nikaona nikujibu kabla hujalimumunya. Alikaa mbele yangu kwenye mkeka, ningenyoosha mguu ningemgusa, na sikumwambia. Tulikuwa msibani Ngokolo, kwa marehemu Fundi Athumani, yule aliyenifundisha kazi nikiwa msichana. Wanaume nje kwenye viti vya plastiki wanabishana mambo ya mpira kwa sauti ya chini ili ionekane wanaomboleza, sisi wanawake uani na masufuria yetu. Mara likaja libaba lina mvi, lina tumbo, limevua kofia. "Shikamoo mama." Marahaba baba. "Wewe siyo Milembe wa kwa fundi?" Nikamwambia ndiye mimi, sema nimeiva sana. Akacheka. Akasema, "Mimi Kulwa. Kulwa wa Mama Kulwa. Niko Kahama siku hizi, nauza vipuri vya pikipiki njia ya Buzwagi." Tabu mjukuu wangu, wewe unaandika tu hapo hujui, lakini mimi tonge la wali nililirudisha kwenye sinia.

Akachuchumaa, akaniambia, "Mama, kuna kitu huwa najiuliza. Tukiwa wadogo, mimi na Doto tulivalishwa viatu vipya tukaletwa nyumba hii hii kumsikiliza baba kwenye mashine. Mara mama akatushika mikono tukaondoka, hata soda hatujamaliza. Ilikuwaje siku ile?" Nikamjibu, "Nimesahau mwanangu. Uzee." Mimi huyo! Mimi ninayekumbuka hata rangi ya ile soda. Akaitikia kwa kichwa, mtu mpole yule, akaanza kunichekesha ati. "Ule mkanda wa sauti ya baba, mama aliutandaza juu ya mtama kule Kolandoto, kufukuzia ndege. Ukipigwa na upepo unalia vvvvvvv. Mkanda mzuri kweli, ulimaliza misimu miwili." Na mimi nikacheka naye. Nikacheka! Halafu nikaenda nyuma ya choo nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na waliponikuta huko wakadhani namlilia fundi. Fundi naye nilimlilia, usiandike kwamba sikumlilia. Lakini ile misimu miwili ndiyo iliyonikalisha kwenye ndoo. Ndege wa Kolandoto walimsikia yule baba misimu miwili, na mwanawe hajamsikia hata neno moja.

Nilifikaje Shinyanga na nani alinizaa, hayo achana nayo, kila mtu amezaliwa. Anza pale nilipoingia kwa Bi Zuhura, mke wa Fundi Athumani, kama msichana wa kazi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: rafu mpaka darini, redio zimetolewa matumbo, harufu ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka imechanganyika na spiriti, na meza moja ndefu ya mninga yenye alama za kuungua kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nyuma jiko, na kati ya jiko na karakana palikuwa na ukuta wenye matundu ya kupitisha hewa, kwa hiyo yote yaliyosemwa mbele yaliliwa na sisi nyuma pamoja na ugali. Bi Zuhura alikuwa mtu wa Tanga kama mumewe, na tangu kuletwa Usukumani alikuwa na ugomvi na chakula. "Michembe, michembe, kila siku michembe! Kiazi kishakauka kama sikio la kiatu, ati nikile na chai! Milembe, nyie kwenu hamna meno?" Nikimwiga hivyo hivyo, na mkono kiunoni, yeye mwenyewe anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Nazi ilikuwa inakuja na treni. Siku nazi imefika, tunakula wali wa nazi na sato, fundi anafunga karakana mapema, na anakuwa mtu mwingine kabisa, anasimulia kwao.

Mdomo huu ndio ulioniingiza karakana. Fundi alikuwa anatengeneza mashine za tepu, zile kubwa za zamani, zenye sahani mbili juu, mkanda unatoka sahani hii unaingia hii. Mapadri walikuwa nazo, walimu wa kwaya, wahindi wa maduka makubwa, na wazungu waliokuwa wanarudi kwao wakaziuza. Shinyanga nzima mwenye kuziweza alikuwa yeye tu. Sasa kulikuwa na moja ya mwalimu wa kwaya, imemtesa wiki. Kwaya ikiimba humo inachechemea, inapanda inashuka kama walevi wanavuka mto. Kaifungua mara tatu, kaifunga mara tatu. Mimi nafagia, naisikia, nikirudi jikoni namwigia Bi Zuhura: "Bwaaana-waa, Bwaaana-waa." Bi Zuhura anacheka. Mara fundi huyo mlangoni, bisibisi mkononi. "Hebu rudia." Nikadhani ninafukuzwa. "Rudia mwanangu, vile vile." Nikarudia. Akaniuliza, "Wachechemea kila baada ya muda gani?" Nikamwambia sijui muda, lakini ni sawa na kale kagurudumu kadogo ka mpira kanavyozunguka, kakimaliza mzunguko mmoja, sauti inakunja goti. Akaenda. Kumbe mwalimu alikuwa anaiacha mashine imebonyezwa hata ikizimwa, kale kampira kakabonyea upande mmoja. Fundi akarudi jikoni akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui mwenyewe nani. "Kha! Zuhura, tafuta mtu mwingine wa kuosha vyombo."

Nikaingia. Mwaka mmoja tu, Tabu, kuanzia mavuno mpaka mavuno, ndio mwaka pekee nilioshika bisibisi maishani. Alinifundisha hivi: kwanza usiguse. "Sikiza mwanangu. Mashine husema iumwapo. Wewe wakimbilia kuifungua, ni daktari gani apasuaye mtu kabla hajamwuliza?" Basi nasikiliza. Ikiguna bila kuzunguka, grisi imeganda au mpira wa kuvuta umelegea. Ikisema kama mtu aliyefunikwa blanketi, kile kichwa kinachosoma mkanda kimeshika uchafu, chukua pamba, chovya spiriti, futa taratibu kama unamfuta mtoto macho. Ikikata mkanda, breki zinashika upande mmoja. Herufi nilikuwa sijui hata moja, na sijui mpaka leo, basi fundi alichukua rangi ya kucha ya mkewe akanipakia vitufe vya mashine ya karakana, ile ya kujaribia: kimoja tone moja, kingine matone mawili. Bi Zuhura akapiga kelele wiki nzima. "Rangi yangu ya Mombasa imepakwa mashine! Na mimi kucha zangu nipake risasi?" Kile kitufe cha kusomea, cha tone moja, kilikuwa kibovu, peke yake hakishiki. Ukitaka isome lazima ubonyeze na cha jirani yake kilichokufa zamani, viwili pamoja, kwa nguvu. Fundi alikuwa anasema atakitengeneza kesho. Karakana ya fundi ndiyo yenye vitu vibovu kuliko nyumba zote, nenda popote utaona. Vidole vyangu vikazoea. Viwili pamoja, kwa nguvu.

Mama Kulwa alikuja mtama ukiwa unaanza kuchanua. Mashine kichwani, imefungwa kitenge, watoto wake pacha nyuma, kila mmoja ameshika pindo la nguo ya mama. Mwanamke mrefu, anaongea polepole kama anayechambua mchele. "Habali za hapa. Mwadila." Nikaitikia mwadila, nikampa kiti. Akaniambia hiyo mashine ilikuwa ya marehemu mume wake, Bonifasi, aliyekuwa karani kwenye kinu cha pamba, aliinunua kwa mzungu. Shemeji zake walikuwa wameikalia miaka saba, sasa ndiyo wameiachia kwa sababu imekufa. Na mkanda ulikuwa mmoja tu. Bonifasi alipokuwa anakwenda Geita kwenye kazi ya muda, jioni ya kuondoka alikaa nayo chumbani akamwachia mkewe maneno. "Alisema, nikiwa sipo utanisikia humu. Akaenda, na ndiyo hakurudi. Homa." Akawatazama wale watoto. "Hawa hawamjui baba yao. Wanaanza shule mwaka huu. Nataka wamsikie kwanza, halafu waende." Hivyo tu, hakulia. Mtaani nilikuwa nimesikia kwamba baba yao aliwaacha wadogo, wachanga, na mimi nikaridhika na hiyo.

Fundi akaigusa ile mashine, akaisogeza upande wangu wa meza. Akasema mbele ya Mama Kulwa, "Hii ya Milembe, mwanzo hata mwisho. Ikisema, Jumatatu namchongeshea stuli yake, akae pale mbele, watu wapite wamwone." Unaijua stuli ya kukaa mbele? Mimi nilikuwa nakaa kwenye kopo la rangi, nimejificha nyuma ya rafu, kwa sababu wateja wakimwona msichana ameshika pasi ya risasi wanachukua redio zao wanaondoka. Bi Zuhura jikoni akasema kupitia yale matundu, "Akae mbele aolewe na nani, na redio?" Fundi akamjibu kwa sauti, "Na anayetaka!" Nilicheka mpaka nikamwagia gauni bakuli langu la mchuzi wa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa.

Nikaifungua. Humo ndani kulikuwa na vumbi la pamba lililoshikana na grisi mpaka likawa kama ugali wa juzi. Nikalichokonoa siku mbili kwa kijiti. Mpira wa kuvuta ulikuwa umekufa, nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, nikausugua kwa msasa mpaka unene ukawa sawa pande zote, kwa sababu pakizidi mahali pamoja tu, marehemu atachechemea. Alhamisi ikaanza kuzunguka. Fundi alikuwa ameenda posta. Angesubiriwa, lakini nani asubiri? Nikaweka mkanda wa Bonifasi, nikachomeka na maikrofoni yake iliyokuwa kwenye mfuko, nijaribu kila kitu kama fundi kamili. Nikabonyeza viwili pamoja, kwa nguvu.

Sahani zikazunguka vizuri kama maji. Sauti hakuna. Nikaongeza sauti, hakuna. Nikagusa waya wa spika, nikagonga gonga ubavuni, nikawa naibembeleza, "Sema basi baba, sema." Vumbi likanipalia nikakohoa, na pale nikaona. Kulikuwa na kijitaa cha kijani kama jicho la paka, na nilipokohoa kikacheza. Nikakohoa tena, kikacheza. Nikasema, "Gashi! Kumbe!" Kikacheza. Ile mashine haikuwa imenyamaza, Tabu. Ilikuwa inanisikiliza mimi. Kwenye mashine nzima nzima, vitufe viwili pamoja maana yake ni nasa, na inaponasa kipya inafuta cha zamani.

Nilizima. Nikarudisha nyuma, nikabonyeza kimoja. Nikajisikia mwenyewe: kong'o kong'o, sema basi baba, kikohozi. Halafu baada yangu ndiyo akaingia yeye, katikati ya maneno, "...na lile bati la nyuma usimwite Masele, Masele analewa, anapigilia misumali kwenye hewa! Hhe-hhe-hhem." Sauti nzito kidogo ya puani, na huo mcheko wa kusafisha koo mwishoni. Alikuwa anachekesha. Akasema yule mbuzi mwenye pembe moja asiuzwe, akasema kuku wanyamaze anazungumza, akasema Geita si mbali. Maneno mengi, mkanda karibu wote. Nilichomfutia ni mwanzo tu, labda muda wa kumenya kiazi kimoja. Kama ningemkimbilia fundi posta nikamwambia nimefuta mwanzo, angenitukana kipwani, angenipiga na kofia, na Mama Kulwa angelia siku moja akasikiliza kilichobaki. Nimeyapiga haya mahesabu miaka yote niliyokaa Geita baada ya kutoka kwa fundi, nikiwapikia wachimbaji, nakoroga ugali wa watu hamsini, nayapiga. Yanatoka vile vile.

Lakini nilikuwa na mdomo huu. Watu wote walikuwa wanausifu. Jioni nikapita kwa Mama Kulwa kama naomba kibiriti, nikamwuliza kijanja, "Mama, huko mwanzo baba anaanzaje?" Akatabasamu, mara ya kwanza namwona meno. "Ananiita. Ananisalimia, anacheka. Halafu anaanza na mabati yake." Basi. Nikaona ni kazi ndogo. Ijumaa fundi alipoenda msikitini na Bi Zuhura sokoni, nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe. Ile mashine ilikuwa na spidi mbili. Ukinasa kwa spidi ya juu, ukairudia kwa ya chini, sauti inashuka, msichana anakuwa mwanamume. Lakini lazima useme haraka haraka na kwa wembamba, kama kuku anayemwona kicheche, la sivyo ikishuka inatoka kama mtu anayelala. Nikajaribu kwenye mkanda wa fundi mara nyingi, sijui ngapi, mpaka ile puani ikakaa, mpaka ule mcheko wa kusafisha koo ukakaa. Nilipojisikia, nywele zilinisimama. Bonifasi alikuwa chumbani. Nikaweka mkanda wake, nikajaza pale pa kwangu, nikaacha ukimya kidogo, halafu yeye mwenyewe anaingia na bati la nyuma. Na nitakuambia ukweli kwa sababu nimezeeka: sikuogopa. Nilifurahi. Niliona nimemrudisha.

Jumapili wakaja. Bi Zuhura alikuwa amepata nazi, nyumba nzima inanukia. Mashine ikawekwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Watoto wana viatu vipya vinavyolia kwii kwii, Kulwa soda ya chungwa, Doto soda ya chungwa, wamekaa wameshikana mikono. Mama Kulwa kakaa ukingoni mwa kiti, kanga kaishusha mabegani. Fundi kavaa kanzu, kifua mbele. "Kazi ya Milembe hii, mie sikugusa hata skrubu moja." Akanipa heshima ya kubonyeza. Nikabonyeza kimoja.

"Mama Kulwa," ikasema. "Mama Kulwa, mwadila! Hhe-hhe-hhem."

Doto akaziba mdomo kwa furaha. Kulwa akasimama, akachungulia nyuma ya mashine kama kuna mlango. Bi Zuhura tayari amejifuta macho kwa ncha ya kanga. Fundi ananitazama mimi, haitazami mashine, ananitazama kama mtu anayemtazama mwanawe amepanda baiskeli. Na mimi nikamtazama Mama Kulwa, nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani. Uso wake ulikuwa umelegea, umefunguka, halafu nikauona unafunga, taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Akanyanyua mkono. "Zima." Fundi akadhani ni uchungu. Akawahi kuzima yeye, kwa upole, "Pole mama, tutakwenda polepole, hakuna haraka." Ulikuwa umebaki ule ukimya nilioacha, mdogo, pumzi mbili tatu, halafu Bonifasi mwenyewe angeingia na Masele wake na misumali yake, na mkewe angemjua hata usingizini. Ningesema, "Acha kidogo, kinachofuata ni yeye, wallahi ni yeye." Sikuwa na sauti ya mtu yeyote. Na Mama Kulwa hakupiga kelele. Alikuwa anamfunga Kulwa kamba za viatu, ameinama, na aliyasema yale maneno polepole vile vile alivyokuwa anasema yote, bila kuninyooshea kidole.

"Bonifasi alikufa mimba haijajulikana. Sasa huyu anayeniita Mama Kulwa ni nani?"